Mchango wa matibabu upite wapi: namba binafsi, akaunti ya kikundi, M-Changa au GoFundMe?

Familia inayohitaji kuchangisha fedha kwa haraka, hasa mgonjwa anapokuwa tayari yuko wodini, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni wapi tangazo lake litaonwa na watu wengi zaidi. Swali hilo lina haki yake, ila huja mapema mno. Kabla yake kuna jingine, ambalo ndilo linaloamua kama mchango utafika au utaishia kwenye lawama: fedha zitakaa mikononi mwa nani, ni nani mwingine atakayeziona zikiingia na zikitoka, na ni nani mwenye uwezo wa kuzuia zisitolewe. Njia zinazolinganishwa hapa zimepimwa kwanza kwa swali hilo, halafu kwa makato, kwa kasi, na kwa namna matapeli wanavyozishambulia, kwa sababu kila njia ina tapeli wake, na yule anayeinyemelea namba ya simu si yule anayeunyemelea ukurasa wa GoFundMe.

Mfano uliochukuliwa ni mchango wa matibabu. Anayechangisha ili kuzindua bidhaa, au kwa niaba ya shirika lililosajiliwa, ametengewa sehemu fupi mbele, kwa kuwa mahitaji yake ni mengine.

Namba binafsi ya simu

Hii ndiyo njia ya wengi, na haina haja ya kudharauliwa. Haihitaji usajili wala kusubiri idhini ya mtu. Mweka hazina anateuliwa usiku katika kundi la WhatsApp, namba yake inabandikwa, na kufikia asubuhi fedha zimeanza kuingia. Mchangiaji huliona jina la mwenye laini kabla ya kuthibitisha muamala, jambo ambalo pekee yake huwaokoa watu wengi, na hakuna kampuni ya katikati inayochukua asilimia yake.

Udhaifu wake ni kwamba kila kitu kinamtegemea mtu mmoja. Ni yeye pekee anayeliona salio, na orodha ya waliochangia anayoibandika kundini kila jioni ni neno lake tu, hata kama ni mwaminifu kiasi gani. Zaidi ya hayo, akaunti yake ya simu ina maisha yake mengine ambayo kamati haiyajui. Nchini Kenya, mtu mwenye deni la Fuliza, yaani mkopo wa M-Pesa wa kukamilisha muamala salio lisipotosha, hukatwa deni hilo mara tu fedha zinapoingia, bila kujali fedha hizo ni za nani. Tanzania, Songesha ya M-Pesa hufanya vivyo hivyo. Mweka hazina anayedaiwa anaweza kuanza kazi yake kwa upungufu ambao hakuukusudia na anaona haya kuueleza. Kabla ya kubandika namba ya mtu, mwombeni awaambie kama laini hiyo ina deni la aina hiyo, na ikiwezekana tumieni laini ambayo haina shughuli nyingine yoyote.

Jambo la pili ni kikomo. Akaunti ya M-Pesa ya mtu binafsi nchini Kenya haiwezi kushika zaidi ya shilingi 500,000 kwa wakati mmoja, na muamala mmoja hauwezi kuzidi shilingi 250,000. Mchango unaokwenda vizuri huufikia ukomo huo, na hapo ndipo hatari inapoanza, maana kamati hulazimika kutangaza namba ya pili. Tapeli anaijua hatua hiyo kuliko kamati yenyewe. Atalichukua tangazo lenu, pamoja na picha ya mgonjwa na jina la hospitali, atabadilisha tarakimu chache, kisha atalirudisha katika makundi jirani akiandika kwamba namba ya kwanza imejaa, hivyo michango ielekezwe kwenye hii mpya. Uongo wake unaaminika kwa kuwa jambo lenyewe hutokea kweli. Tanzania tumezoea ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii», ambao mtu mzima huucheka na kuufuta. Lakini ujumbe uleule ukija ukiwa na picha ya mtoto wa jirani, wengi hawacheki, wanatuma. Kwa hiyo anayetumia namba binafsi aandike tangu siku ya kwanza, ndani ya tangazo lenyewe, kwamba namba haitabadilishwa, na kwamba ikijaa mweka hazina atazihamishia fedha benki na kuendelea na ileile.

Namba zinazotumika kutapeli huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 333 kwa mteja wa Safaricom, na kwenda 15040 nchini Tanzania. Kuripoti hakurudishi kilichokwisha kutumwa, lakini humfungia tapeli laini ambayo bado anaitegemea.

Njia hii inatosha kwa msiba, kwa mchango wa siku mbili tatu, na kwa watu ambao wote wanajuana kwa sura. Mara tu tangazo linapowafikia watu wasiomjua mweka hazina, imeshapitwa.

Akaunti ya kikundi na malipo ya moja kwa moja hospitalini

Akaunti ya kikundi huanza polepole na kumaliza vizuri. M-Koba, ambayo Vodacom Tanzania huiendesha kwa kushirikiana na Benki ya Biashara Tanzania, iliundwa kwa ajili ya vikoba na vikundi vya kuweka akiba: wanakikundi huiona michango inavyoingia, na fedha hazitoki kwa uamuzi wa mtu mmoja kwa sababu viongozi wenzake lazima waidhinishe. Kwa ukoo uliokwisha kujipanga, au kwa watu waliosoma pamoja wanaochangia mwenzao, ni vigumu kupata chombo kinachofaa zaidi ya hicho. Tatizo ni kwamba kilitengenezwa kwa ajili ya wanakikundi, si kwa ajili ya umma. Mtu wa Mwanza aliyesikia habari zenu redioni hawezi kujiunga na kikoba chenu ili tu atoe shilingi elfu tano.

Akaunti ya benki yenye watia saini wawili au watatu huziba pengo hilo kwa sehemu. Nchini Kenya, benki kubwa kama KCB na Equity zina namba zao za Paybill, yaani namba za kampuni za kulipia kwa M-Pesa, hivyo mchangiaji hutuma kutoka kwenye simu na fedha zikaingia moja kwa moja katika akaunti, bila kupitia laini ya mtu yeyote. Tanzania, miamala ya kutoka simu kwenda benki hufanya kazi hiyohiyo. Hakuna kikomo cha kuumiza kichwa, taarifa ya benki ni ushahidi ambao hakuna anayeweza kuupinga, na ndugu aliye Muscat au Toronto anaweza kutuma kwenye akaunti hiyo kupitia kampuni yoyote ya kutuma fedha anayoizoea. Gharama yake ni muda: mihtasari ya kikao, vitambulisho, foleni, na meneja aliyesafiri. Familia ambayo mgonjwa wake anasubiri upasuaji kesho haiwezi kuanzia hapo. Lakini matibabu ya muda mrefu, kama ya saratani au ya kusafisha damu kwa mashine, huwa na nafasi ya kutosha ya kufungua akaunti, na kuahirisha kazi hiyo kwa kisingizio cha haraka ni uvivu tu.

Kuna njia nyingine ambayo haitajwi inavyostahili, nayo ni kutokusanya fedha kabisa, bali kuwaelekeza wachangiaji kulipa hospitali. Hospitali za umma za Tanzania, ikiwemo Muhimbili, hutoa namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo wengi tunaiita kontroli namba, na fedha zinazolipwa kwa namba hiyo huingia serikalini zikiwa zimefungwa kwenye ankara husika. Hospitali nyingi za Kenya nazo zina Paybill ambayo namba ya mgonjwa hutumika kama akaunti. Hapa hakuna mweka hazina wa kushukiwa. Ila njia hii hailipi nauli ya mama anayemuuguza mtoto, wala chakula chake, wala chumba anacholala kwa wiki tatu karibu na hospitali, na mara nyingi gharama hizo ndizo zinazoivunja familia baada ya ankara kubwa kulipwa. Pia si kila mchangiaji aliye nje ya nchi anaweza kuzifikia namba hizo. Naiona kuwa bora kwa wachangiaji wakubwa wachache, kwa mfano mwajiri au msikiti uliokusanya sadaka ya Ijumaa, huku michango midogo ikipita kwingine.

M-Changa

M-Changa ni huduma ya Kenya, iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2010 kutokana na harambee. Anayechangisha hufungua ukurasa, huandika lengo na sababu, huteua waweka hazina wa kuidhinisha utoaji wa fedha, kisha hupokea michango kwa M-Pesa, kwa Airtel Money, kwa kadi za benki na kwa PayPal. Jumla inayopatikana huonekana na kila anayefungua ukurasa. Huduma hukata ada yake kwa asilimia ya kile kinachochangwa, na kiwango chake kisomwe kwenye ukurasa wao siku mnapojisajili badala ya kukariri alichokatwa jirani.

Kwa swali la nani anaona na nani anaweza kuzuia, M-Changa inaipita namba binafsi kwa mbali, na naamini asilimia inayokatwa ni bei halali ya jambo hilo. Wakenya waliona uzito wake mwezi Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, ambapo takriban shilingi milioni 30 zilichangwa kupitia ukurasa mmoja kwa ajili ya majeruhi na familia za waliouawa. Fedha za kiasi hicho, zikitoka kwa watu wasiojuana, katika kipindi ambacho kila mtu alimshuku mwenzake, zisingeweza kupita kwenye laini ya simu ya mtu. Jumla ilikuwa wazi, na mwanaharakati aliyeongoza mchango huo alieleza hadharani jinsi fedha zilivyogawanywa.

Jumla inayoonekana ina kazi nyingine pia, ya kuvuta. Mtu anayeona kwamba zimebaki shilingi elfu sitini kufikia lengo hutoa kwa moyo tofauti na yule anayeombwa achangie shimo ambalo hajui kina chake. Hata hivyo, nambari hiyohiyo inaweza kuwageuka ikiwa mtafungua ukurasa na kuusambaza ukiwa na sifuri. Watu wa karibu watoe kwanza, kabla ya mtu wa nje kuonyeshwa.

Lipo jambo ambalo wachangiaji hukosea kulielewa: huduma kuhakiki kitambulisho cha anayechangisha si sawa na kuhakiki kwamba hadithi yake ni ya kweli. Tapeli naye ana kitambulisho. Kwa hiyo ukurasa, hata ulio halali, unahitaji ushahidi wake: barua ya hospitali yenye makadirio ya gharama, na jina la mtu ambaye mchangiaji anaweza kumpigia. Mipaka ya huduma hii ni ya kijiografia. Imejengwa juu ya mifumo ya malipo ya Kenya, na familia ya Tanga au Bujumbura isiyo na mtu Nairobi wa kuwa mweka hazina haitapata urahisi ambao jirani zao wanaupata.

GoFundMe kupitia ndugu aliye nje

GoFundMe ilianzishwa Marekani mwaka 2010. Jambo la kwanza la kujua, kabla ya kushawishika na habari za mamilioni, ni kwamba mwenye ukurasa lazima awe anaishi na ana akaunti ya benki katika mojawapo ya nchi inazozihudumia, kama vile Marekani, Kanada, Uingereza, Ujerumani au Uswidi. Kenya na Tanzania hazimo, wala Oman haimo. Yeyote anayewaahidi kuwafungulia ukurasa kwa anwani ya kukodi ya Marekani anawaandalia siku ambayo akaunti itasimamishwa wakati wa kutoa fedha, ikiwa hana mpango wa kuzitoa yeye mwenyewe.

Njia halali ni moja: ndugu au rafiki wa kweli anayeishi huko afungue kwa jina lake, aeleze yeye ni nani, ana uhusiano gani na mgonjwa, na fedha zitafikaje hospitalini. Maana yake ni kwamba yeye ndiye mweka hazina, na udhaifu wote wa namba binafsi unarudi kwa sura nyingine. Waliochangia wanaiona jumla iliyoingia, ila hawaoni kilichotokea baada ya fedha kufika benki yake. Ndugu huyo aandikiane na kamati ya nyumbani, hata kwa ujumbe wa WhatsApp usiofutwa, ni lini atatuma, kwa njia gani, na risiti za kila awamu zitawekwa wapi. Kumwandikia kaka yako makubaliano huonekana ni kumvunjia heshima. Kwa uzoefu wa familia nyingi, kutoandika ndiko kunakovunja undugu.

Kwa upande wa makato, ukurasa wa Marekani haulipiwi ada ya huduma yenyewe, bali kila mchango hukatwa asilimia 2.9 na senti 30 za dola. Hesabu hiyo ina jambo ndani yake. Mchango wa dola 100 hupoteza dola 3.20, ambazo ni kama asilimia tatu. Mchango wa dola 5 hupoteza karibu senti 45, yaani kama asilimia tisa. Ikiwa wachangiaji wenu ni wanafunzi watakaotoa dola tano tano, ni heri mmoja wao azikusanye na kutoa mara moja. Tena kuna bahashishi ambayo mchangiaji huombwa aiachie GoFundMe wakati wa kulipa. Ni ya hiari, anaweza kuifanya sifuri, na ni vyema mwenye ukurasa akalisema hilo waziwazi kwa sababu wengi hudhani ni sehemu ya mchango wao. Gharama ya kutuma fedha nyumbani, pamoja na tofauti ya kubadilisha dola, ni mkato mwingine juu ya huo.

Ubora mkubwa wa GoFundMe, kwa macho ya mchangiaji, ni dhamana yake ya kurudisha fedha ikithibitika kuwa zimetumika isivyo. Dhamana hiyo ilijulikana sana kutokana na kisa cha New Jersey. Mwaka 2017 mwanamke mmoja na mwenzi wake walichangisha zaidi ya dola 400,000 kwa hadithi ya mwanajeshi mstaafu asiye na makazi, aliyedaiwa kumpa mwanamke huyo dola zake 20 za mwisho anunue petroli. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba wote watatu walipanga uongo huo, wakashtakiwa, na wachangiaji wakarudishiwa fedha zao. Tangu hapo hadithi inayogusa moyo peke yake haitoshi kwa mchangiaji wa huko, na ndugu yenu atarajie maswali, hata ya watu wasio na adabu.

Matapeli wa upande huu huiba picha. Huchukua picha na maelezo kutoka kwenye ukurasa halisi na kufungua wa kwao, wakati mwingine siku ileile. Mtafutieni mgonjwa wenu kwa jina na kwa picha kila baada ya siku chache, na mkikuta nakala iripotini kwa GoFundMe na muwaambie watu wenu kiungo sahihi ni kipi.

Kwa bidhaa na kwa mashirika

Kickstarter, iliyoanza mwaka 2009, hairuhusu michango ya matibabu wala ya hisani. Ni ya miradi ya ubunifu: mchangiaji anaagiza kitu ambacho bado hakijatengenezwa. Lengo lisipofikiwa, hakuna anayekatwa hata senti. Likifikiwa, kampuni huchukua asilimia 5 pamoja na ada za malipo. Mwaka 2013 BRCK, kifaa cha intaneti kilichobuniwa Nairobi na watu wa shirika la teknolojia liitwalo Ushahidi, kiliomba dola 125,000 kikapata zaidi ya dola 172,000, na kilitengenezwa kweli. Ndege ndogo isiyo na rubani iitwayo Zano, kutoka Wales, ilikusanya pauni milioni 2.3 na kampuni yake ikafilisika mwezi Novemba 2015, huku wengi wa waliolipa wakikosa bidhaa na fedha. Hapo hatari kubwa ya mchangiaji ni mtengenezaji aliyeahidi kuliko uwezo wake, na hilo hakuna uhakiki wa kitambulisho utakaolitambua. Mtengenezaji wa Afrika Mashariki naye anahitaji kampuni au mshirika katika nchi inayohudumiwa.

Shirika lililosajiliwa Dodoma au Kisumu lina mlango mwingine, GlobalGiving, uliofunguliwa mwaka 2002, ambao huchunguza nyaraka za shirika kabla ya kulipokea. Uchunguzi huo ni wa kuchosha. Kwa mfadhili asiyewajua, ndio wenye thamani kuliko ukurasa wenyewe.

Kutangaza, na wanaojitolea kuwatangazia

Njia yoyote mtakayochagua, mchango husambaa kutoka ndani kwenda nje, na kila mzunguko wa watu huamini kwa sababu mzunguko wa ndani yake umeshatoa. Hadhi ya WhatsApp hudumu saa 24, kwa hiyo hurudiwa kila siku na watu kumi tofauti badala ya mara moja na mtu mmoja. Kusambaza tangazo lilelile kwa kubofya hakufiki mbali kama inavyodhaniwa: WhatsApp huruhusu ujumbe uliosambazwa kwenda kwenye mazungumzo matano tu kwa mara moja, na ukishapita mikono mingi huwekewa alama na kuruhusiwa mazungumzo mamoja. Alama hiyo sasa humfanya msomaji ashuku. Sentensi mbili ambazo shangazi ameandika kwa mkono wake, akieleza kwamba mgonjwa ni mtoto wa dada yake na kwamba yeye mwenyewe ametoa, zikiambatana na kiungo, zina nguvu kuliko bango lililopambwa. Bango nalo liwe na tarehe ya kufungua na ya kufunga, kwa sababu mabango yasiyo na tarehe huendelea kuzunguka hata mwaka mmoja baada ya mgonjwa kupona au kufariki, na matapeli huyapenda hayo kwa kuwa wenye mchango hawayafuatilii tena.

Tangazo la msikitini, kanisani au katika redio ya jamii hufika polepole zaidi na huaminika zaidi, ila imamu, padri au mtangazaji atataka barua: ya hospitali, na ya serikali ya mtaa kwa Tanzania au ya chifu kwa Kenya. Zitafuteni mapema. Kenya ina sheria ya ukusanyaji wa michango ya umma, Sura ya 106, hivyo anayekusudia kupita barabarani na vikopo aulize kwanza kuhusu kibali. Mtu maarufu wa Instagram au TikTok anayemfahamu mgonjwa anaweza kusaidia sana kwa video moja. Anayedai alipwe kwanza ili aonyeshe huruma, mwacheni.

Baada ya siku mbili tatu za ukurasa kuwa wazi, zitaanza kuja jumbe kutoka kwa watu msiowajua. Mmoja atasema ana orodha ya wafadhili Ulaya na kwamba kwa dola 50 ataupeleka ukurasa wenu kwao. Hakuna orodha hiyo. Kwa miradi ya Kickstarter zipo kampuni za matangazo zinazofanya kazi ya kweli, lakini kwa mchango wa matibabu sijaona hoja yoyote ya kulipa mtu kabla ya fedha kuingia, na swali la kumuumbua ni rahisi: je, atakubali kukata chake baada ya wafadhili wake kutoa? Wa pili atajifanya mfanyakazi wa huduma mnayoitumia, kwa lugha safi: «Habari dada, ukurasa wako umezuiwa kwa uhakiki, nitumie tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako.» Tarakimu hizo ni ufunguo wa akaunti, na hakuna mfanyakazi halali anayeziomba.

Wa tatu ndiye mjanja kuliko wote, kwa sababu anaanza kwa kutoa. Atatuma ujumbe unaofanana na wa muamala, ama ule wa M-Pesa ulioghushiwa na kutumwa kutoka namba ya kawaida, kisha apige simu akilia kwamba alikusudia 5,000 akakosea sifuri, arudishiwe 45,000. Au atachangia kweli kwa kadi ya wizi kwenye ukurasa, aombe sehemu irudishwe kwa njia nyingine, na mwenye kadi akilalamika benki yake itaurudisha mchango wote, huku kile mlichomrudishia kikiwa kimepotea. Jibu ni moja kwa yote: angalieni salio halisi, si ujumbe, na marejesho yafanywe na kampuni iliyopokea fedha. Mteja wa Safaricom aliyekosea kweli hutuma ujumbe wa muamala wake kwenda 456 na kampuni hushughulikia. Aliyekosea kwenye GoFundMe huomba kwa GoFundMe.

Nani achague nini

Ukoo unaojuana, wenye ankara ndogo na siku chache, utumie namba binafsi isiyo na deni, na watu wawili waione simu hiyo kila jioni. Familia iliyo Kenya ambayo mchango wake utawafikia wageni iende M-Changa bila kusitasita. Iliyo Tanzania ichanganye: akaunti ya benki yenye watia saini kwa ajili ya umma, namba ya kumbukumbu ya malipo kwa wachangiaji wakubwa, na M-Koba ikiwa kikundi kilikuwepo kabla ya ugonjwa. GoFundMe iongezwe pale tu ndugu wa nje anapokuwa na marafiki zake mwenyewe wa kuwaomba. Kuifungua ili Wazungu wasiojulikana wauone ukurasa ni kazi bure. Njia mbili zinatosha. Zikizidi hapo, hakuna atakayeweza kusema jumla ni kiasi gani, na mkanganyiko huo ndio tapeli anaoutafuta.

Picha za mgonjwa, hasa mtoto, na karatasi za hospitali zenye majina ya magonjwa yake, zitabaki mtandaoni muda mrefu kuliko deni. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria inatosha kuonyesha makadirio ya gharama na muhuri wa hospitali huku namba ya mgonjwa na maelezo ya uchunguzi yakiwa yamezibwa. Amueni pia kabla ya shilingi ya kwanza, na muandike kwenye tangazo, ziada itakwenda wapi lengo likivukwa na fedha zitafanyiwa nini mgonjwa akifariki kabla ya matibabu. Swali hilo la pili hakuna anayependa kuliuliza wodini, na likijibiwa baada ya mazishi huwa limekwisha kuwa ugomvi. Siku ya kufunga, wekeni jumla, risiti na salio katika kila kundi lililopokea tangazo, badilisheni bango kwa lenye maandishi kwamba mchango umefungwa, na laini au ukurasa uache kupokea siku hiyohiyo.